Mbunge anamuulizaje waziri kuhusu ulinzi, uhamiaji na mambo ya nje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu zaidi Bunge la Tanzania, Dodoma. Kenya imeingizwa pale inapofaa, kwa sababu majirani hawa wawili wamechagua njia mbili tofauti za kumsimamisha waziri mbele ya wawakilishi, na anayezijua zote mbili huielewa zaidi ya kwake.

Mbunge anapata wapi haki ya kumuuliza Waziri wa Ulinzi au wa Mambo ya Nje?

Katika Katiba yenyewe. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema Bunge laweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Waziri yeyote, swali lolote. Hakuna mstari unaosema "isipokuwa Waziri wa Ulinzi". Ibara ya 53(2) inaongeza kwamba mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, wanawajibika kwa pamoja bungeni. Ibara ya 100 inamlinda mbunge asishtakiwe kwa alichokisema mle ndani.

Vikwazo vyote unavyovisikia vinatoka kwingine: kwenye Kanuni za Kudumu za Bunge, kwenye sheria za siri za Serikali, na zaidi ya yote kwenye mazoea. Mazoea ndiyo magumu kuyabadili, maana hayana ibara ya kufuta.

Swali linapita wapi mpaka limfikie waziri?

Mbunge analiandika na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge. Ofisi inaangalia kama limekidhi kanuni: lisiwe uvumi, lisihusu jambo lililo mahakamani, lisiwe hotuba iliyovalishwa alama ya kuuliza, na liwe ndani ya majukumu ya waziri anayeulizwa. Likipita linapelekwa wizarani, wataalamu wanaandaa jibu, na siku ikifika linaonekana kwenye Orodha ya Shughuli likiwa na namba yake.

Asubuhi, baada ya dua na hati kuwekwa mezani, mbunge anasimama: "Mheshimiwa Spika, naomba swali langu namba fulani sasa lipatiwe majibu." Anayejibu mara nyingi ni Naibu Waziri, kwa maneno ambayo kila anayesikiliza Bunge ameyakariri: "kwa niaba ya Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo."

Kwa hiyo jibu la kwanza unalolisikia halikuzaliwa ukumbini. Limeandikwa siku nyingi kabla, limepitiwa na wakubwa wizarani, na limepunguzwa makali. Ukilisikiliza kwa matarajio hayo hutavunjika moyo.

Kwa nini maswali mengi ya usalama ni ya vituo vya polisi tu?

Chukua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yaliyosemwa bungeni, ya mkutano wowote wa bajeti uisome. "Je, ni lini Serikali itajenga kituo cha polisi katika Kata ya...?" "Je, Serikali ina mpango gani wa kukarabati nyumba za askari?" "Je, ni lini wananchi watapata vitambulisho vya Taifa?" Halafu majibu: ujenzi utafanyika kwa kadri fedha zitakavyopatikana.

Wapo wanaowacheka wabunge kwa hili. Si haki sana. Mbunge wa jimbo la mpakani ambako wananchi wanatembea kilomita nyingi kutoa taarifa ya wizi wa mifugo anaposema kituo, anasema usalama. Na mwananchi wa Kigoma au Kagera anayenyimwa kitambulisho kwa sababu jina lake linafanana na majina ya ng'ambo ya mpaka, swali lake la NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya Taifa, ni swali la uraia na uhamiaji kwa pamoja.

Tatizo ni pale maswali ya aina hii yanapojaza saa yote na kusiwe na anayeuliza kwa nini polisi wanaendesha operesheni fulani, kwa amri ya nani, na nani amehesabu walioumia. Kituo kinaonekana na kura zinaonekana. Sera haina jiwe la msingi la kuzindua.

Swali la nyongeza lina uzito gani?

Ndilo swali lenyewe. Mbunge aliyeuliza swali la msingi anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, na Spika akipenda anawapa wengine nafasi ya swali moja moja. Hapo waziri hana karatasi iliyopitishwa na wizara. Ana kumbukumbu yake na vikaratasi kutoka kwa wataalamu wake.

Wajuzi huuliza swali la msingi lililo jepesi makusudi, la takwimu tu: ni wahamiaji wangapi wamekamatwa, ni wangapi wamerejeshwa kwao, wako magereza gani. Wizara ikishatoa namba, swali la nyongeza linazigonga: kama waliohukumiwa ni hawa, waliobaki wanashikiliwa kwa sheria ipi na chakula chao kinatoka fungu gani? Hilo halijibiwi kwa "Serikali inaendelea na mchakato".

Wasio wajuzi hutumia dakika yao kumpongeza waziri kwa majibu mazuri, kumpongeza Rais, kisha kuomba "swali dogo la nyongeza" ambalo kweli ni dogo.

Maswali kwa Waziri Mkuu ni kitu tofauti?

Ndiyo. Kila Alhamisi Bunge linapokuwa na kikao, kuna nusu saa ya maswali ya papo kwa hapo kwa Waziri Mkuu. Hayapelekwi kwa maandishi mapema. Yanapaswa kuhusu sera na mambo ya kitaifa, siyo daraja la kijiji. Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani ndiye aliyekuwa akipewa kipaumbele, lakini baada ya uchaguzi wa 2020 upinzani haukuwa na idadi ya kutosha kuunda kambi hiyo, na nusu saa ile ikapungua makali kwa kiasi kikubwa. Huo ni mtazamo wangu. Wako wanaodai wabunge wa chama tawala wanaujaza mwanya huo vizuri.

Hatari ya papo kwa hapo kwa mwenye kujibu ilionekana tarehe 20 Juni 2013. Mbunge Murtaza Mangungu alimuuliza Waziri Mkuu Mizengo Pinda kuhusu vyombo vya dola kudaiwa kuwatesa wananchi, wakati Mtwara ilikuwa imetoka kwenye ghasia za kupinga bomba la gesi. Pinda, mtu mpole kwa sifa, alijibu kwamba anayekaidi amri na kufanya fujo atapigwa, kwamba wapigwe tu maana Serikali imechoka. "Wapigwe tu" ikawa msemo wa mitaani ndani ya wiki. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika wakaenda Mahakama Kuu. Upande wa Serikali ukajikinga, pamoja na mambo mengine, na kinga ya Ibara ya 100, na kesi ikatupwa mwaka 2014.

Lakini angalia swali lilichofanya. Katika hotuba iliyoandikwa, sentensi ile isingetoka kamwe. Nchi iliujua msimamo wa kiongozi kuhusu matumizi ya nguvu kwa sababu mtu mmoja aliuliza bila kutoa taarifa.

Waziri anaweza kukataa kujibu kwa sababu za kiusalama?

Hufanya hivyo, ingawa mara chache kwa kusema "nakataa". Kuna njia zaidi ya moja. Ya kwanza ni "suala hili linahusu usalama wa Taifa, si busara kulijadili hadharani." Ya pili ni "uchunguzi unaendelea", jibu lisilo na tarehe ya kuisha na ambalo hutolewa zaidi pale mtu anapokuwa ametoweka au amepigwa risasi. Ya tatu ni "jambo hili liko mahakamani", hata kama kilicho mahakamani ni kipande kidogo tu cha jambo lenyewe. Ya nne, ambayo ndiyo ya kistaarabu kuliko zote: "namwomba Mheshimiwa Mbunge tuonane baada ya kikao." Kinachosemwa kwenye korido hakiingii Hansard.

Nyuma ya majibu haya kuna sheria halisi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inafanya kutoa taarifa za siri kuwa kosa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaruhusu taarifa zinazogusa ulinzi na usalama kuzuiwa. Siri nyingine ni za kweli kabisa. Hakuna anayetaka waziri ataje askari wangapi wako kwenye kambi gani mpakani. Swali la kujiuliza kila unaposikia neno "usalama" ni hili: kinacholindwa hapa ni askari na raia, au ni mtu aliyefanya uamuzi mbaya? Bei ya mkataba wa kununua magari ya polisi si mpango wa vita.

Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama inafanya nini huko faraghani?

Wabunge wanaiita NUU. Ndiyo inayopitia bajeti za Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Humo waziri anakuja na Katibu Mkuu wake na makamanda, na maswali hayana saa ya kukatwa na Spika. Kwa kawaida majibu ya kina zaidi hutolewa huko kuliko ukumbini.

Kasoro yake inajulikana: mwananchi haoni. Anaona taarifa ya kamati inayosomwa siku ya bajeti, na taarifa hiyo imesafishwa. Hata hivyo isome. Kamati inapoandika kwamba "inashauri Serikali kutoa fedha za maendeleo kwa wakati", maana yake fedha hazikutolewa. Ikirudia ushauri uleule miaka mitatu mfululizo, umeshapata jibu ambalo waziri hakulitoa.

Kitabu cha bajeti nacho kinasema. Jifunze mafungu: Polisi ni Fungu 28, Magereza 29, Uhamiaji 93, Zimamoto 14, Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe 51. Ngome, yaani Jeshi la Wananchi (JWTZ), ni 38, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) 39, Wizara ya Ulinzi 57. Mambo ya Nje ni 34. Linganisha kilichoidhinishwa mwaka jana na kilichotolewa hasa. Hapo huhitaji mtu wa kukueleza kwa nini ubalozi fulani una jengo linalovuja.

"Kushika shilingi" maana yake nini, na inafaa kitu?

Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitia bajeti ya wizara, mbunge asiyeridhika na maelezo anatangaza kwamba atashika shilingi ya mshahara wa waziri. Kimsingi anatoa hoja ya kupunguza mshahara huo kwa shilingi moja. Fedha si kitu. Kinachotakiwa ni kufungua mjadala: wabunge wengine wanaweza kuunga mkono, Mwanasheria Mkuu anaweza kuinuka, hata Waziri Mkuu akaingilia kutuliza.

Mwisho Mwenyekiti anauliza kama mbunge anarudisha shilingi. Karibu kila mara anairudisha, baada ya kuahidiwa. Wachache wanaokataa hupelekwa kwenye kura na kushindwa. Na juu ya yote kuna saa: muda ukiisha inatumika gilotini, vifungu vinapitishwa kwa mkupuo, na aliyekuwa bado anasubiri zamu yake anakaa chini.

Kuna sababu ya kikatiba inayowafanya wabunge wasiende mbali. Kwa mujibu wa Ibara ya 90(2)(b), Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Kila mbunge anajua gharama ya uchaguzi.

Bado ahadi iliyotolewa wakati wa kurudisha shilingi ni mali. Iko kwenye Hansard, ina jina na tarehe. Mwaka unaofuata mbunge makini anaanza hapo.

Je, kubanwa bungeni kumewahi kumng'oa waziri wa vyombo vya ulinzi?

Kumewahi kuwang'oa mawaziri wanne kwa siku moja, wakiwamo wa Ulinzi na wa Mambo ya Ndani.

Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili wa tembo. Lengo lilikuwa zuri na tembo walikuwa wakiisha kweli. Jeshi, polisi na askari wa wanyamapori walishirikiana. Muda mfupi baadaye wabunge wa maeneo ya hifadhi walianza kupokea simu: watu wamepigwa, mifugo imepigwa risasi, nyumba zimechomwa, wanawake wamedhalilishwa. Bunge lilikuwa na kikao. Wabunge wa CCM na wa upinzani walisimama kwa sauti moja, jambo ambalo si la kila siku, na tarehe 1 Novemba Waziri wa Maliasili na Utalii, Khamis Kagasheki, akatangaza bungeni kwamba operesheni imesitishwa.

Hapo ndipo mambo mengi hufia: operesheni imesimama, tuendelee na shughuli nyingine. Safari hii halikufa. Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira chini ya James Lembeli ilitumwa kwenda kwenye maeneo yenyewe na kuwasikiliza waathirika. Ilirudi na taarifa Desemba. Siku ya tarehe 20 Desemba 2013 ilisomwa, mjadala ukawaka, Kagasheki akasimama na kutangaza kujiuzulu, na jioni Waziri Mkuu Pinda akaliarifu Bunge kwamba Rais Jakaya Kikwete ametengua uteuzi wa wengine watatu: Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi, na Mathayo David wa Mifugo.

Tazama mfuatano wake. Malalamiko ya majimboni, kisha kelele ukumbini, kisha kamati iliyotoka nje ya Dodoma, kisha taarifa yenye ushahidi, ndipo uwajibikaji. Swali la asubuhi peke yake lisingetosha. Na Katiba ya Tanzania haina utaratibu wa kura ya kumwondoa waziri mmoja mmoja. Ibara ya 53A inahusu kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Mawaziri wale walianguka kwa uzito wa kisiasa tu. Uzito huo haudumu milele pia: Nchimbi alirudi kwa hatua ndefu, akawa Katibu Mkuu wa CCM Januari 2024 na mgombea mwenza wa urais mwaka 2025.

Suala la uhamiaji linaulizwa kwa waziri gani?

Inategemea ni mhamiaji gani. Pasipoti, vibali na mipaka viko kwa Mambo ya Ndani kupitia Idara ya Uhamiaji. Wakimbizi nao wako wizara hiyohiyo, ingawa kwa idara nyingine. Mtanzania aliyekwama nje ya nchi ni wa Mambo ya Nje. Aliyekwenda kufanya kazi Oman kwa mkataba anagusa pia wizara inayoshughulikia kazi na ajira. Mgawanyo huu ni kichaka kizuri cha kujifichia: kila waziri anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba sehemu iliyoharibika ni ya mwenzake.

Mfano mzuri ni mwaka uleule wa 2013. Julai, Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wa mikoa ya magharibi muda wa kuondoka, kisha ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa katika Kagera, Kigoma na Geita. Wapo walioondoka ambao walikuwa wameishi Tanzania miongo kadhaa, wameoa na kuzaa. Swali moja hapo lilikuwa la polisi, la uraia, la ardhi, na la uhusiano na Rwanda, ambao wakati huo ulikuwa umepoa vibaya. Ungemuuliza nani? Kinadharia Waziri Mkuu. Kwa vitendo liligawanywa vipande na kila kipande kikajibiwa kwa upole.

Upande wa pili wa sera ileile ni wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Tanzania iliamua kuwapa uraia, na takribani watu 162,000 walinufaika, vyeti vikitolewa kuanzia 2014. Ni uamuzi mkubwa ambao nchi chache duniani zimethubutu. Wabunge wa Tabora na Katavi waliuliza kwa miaka: wataishi wapi, watapiga kura wapi, huduma zao ni za halmashauri au za mashirika ya kimataifa? Maswali ya haki kabisa.

Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi Zanzibar anaweza kuuliza kuhusu polisi au pasipoti?

Kuuliza anaweza, wa kumjibu ndiye hayupo. Mambo ya nje, ulinzi na usalama, polisi, uraia na uhamiaji yote yamo kwenye orodha ya Mambo ya Muungano, Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Mawaziri wake wanawajibika Dodoma, si Chukwani lilipo Baraza la Wawakilishi. Mzanzibari ana wabunge wa majimbo yake na wajumbe watano ambao Baraza linawapeleka Bunge la Muungano. Kazi, kwa upande mwingine, si jambo la Muungano. Kwa hiyo msichana wa Unguja anayekwenda Muscat anaondoka kwa utaratibu wa ajira wa Zanzibar, na pasipoti ya Muungano, na akipata shida anakimbilia ubalozi wa Muungano. Anayetaka kumuulizia anahitaji mabunge mawili.

Bunge linaulizwa kabla ya kusaini mkataba au kupeleka jeshi nje?

Mikataba: Ibara ya 63(3)(e) inalipa Bunge kazi ya kuridhia ile ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Maneno hayo ya mwisho ni mlango mpana, maana mkataba usiosema unahitaji kuridhiwa unapita pembeni. Na unaoletwa unaletwa ukiwa umeshasainiwa. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari yaliridhiwa tarehe 10 Juni 2023, na mjadala mkali kuliko wa bungeni ulikuwa nje yake, baada ya watu kuanza kusoma vifungu.

Jeshi: Ibara ya 148 inampa Rais, kama Amiri Jeshi Mkuu, mamlaka ya kuyaamuru majeshi ndani au nje ya Jamhuri ya Muungano. Akitangaza vita, Ibara ya 44 inataka Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14 lijadili kuunga mkono. Lakini kulinda amani si kutangaza vita. JWTZ iliingia Kongo mwaka 2013 na brigedi ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani 15 wa Tanzania waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini. Bunge linaweza kuuliza baada ya hapo. Halikuwa na kura kabla.

Kwenye mipaka waziri huwa na ulimi mwepesi zaidi. Agosti 2012 Bernard Membe, Waziri wa Mambo ya Nje wakati huo, alitumia hotuba ya bajeti kuitaka Malawi na kampuni zake za utafiti wa mafuta zisimamishe kazi kwenye Ziwa Nyasa, ambalo nchi hizo mbili zinagombania mpaka wake. Palikuwa na makofi kila upande. Swali gumu, kwamba Tanzania itafanya nini Malawi isiposimama, likaachwa kwa wasuluhishi.

Kenya wanafanyaje?

Tofauti kubwa inaanza na waziri mwenyewe. Tanzania waziri lazima awe mbunge. Ndiyo maana mwaka 2021 Liberata Mulamula na Stergomena Tax waliteuliwa kwanza kuwa wabunge, ndipo wakapewa Mambo ya Nje na Ulinzi. Kenya, Ibara ya 152 ya Katiba ya 2010 inakataza waziri kuwa mbunge. Anakuja kama mgeni. Kwa miaka mingi alikuwa akiitwa kwenye kamati tu, chini ya Ibara ya 153. Baada ya uchaguzi wa 2022 Rais William Ruto aliwaomba maspika wamfungulie waziri mlango wa ukumbi, na Bunge la Taifa na Seneti wakabadili Kanuni zao.

Kamati za Kenya zina meno: Ibara ya 125 inazipa uwezo wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu na kudai nyaraka. Na chini ya Ibara ya 240(8), majeshi hayapelekwi nje kulinda amani bila idhini ya Bunge.

Mpango wa Kenya wa kupeleka polisi Haiti ulipima yote hayo. Novemba 2023 Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, aliulizwa na kamati za mabunge yote mawili nani atalipa, akaahidi hakuna polisi atakayeondoka kabla fedha hazijapatikana. Tarehe 16 Novemba Bunge la Taifa likaidhinisha. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita akazuia: ibara ile inazungumzia wanajeshi, si polisi. Serikali ikasaini makubaliano na Haiti tarehe 1 Machi, na polisi wa kwanza wakatua Haiti tarehe 25 Juni 2024, siku ileile vijana waandamanaji walipoingia kwa nguvu katika jengo la Bunge, Nairobi. Kesho yake Bunge la Taifa liliidhinisha wanajeshi kuingia mitaani. Bunge lile lililohoji kwanza suala la Haiti kwenye kamati lilimaliza hilo la nyumbani ndani ya siku moja.

Na Bunge la Afrika Mashariki?

Liko Arusha, kila nchi inachagua wajumbe tisa, na wanauliza Baraza la Mawaziri la Jumuiya: vibali vya kazi, vikwazo mpakani, usalama mashariki mwa Kongo. Majibu hayamlazimishi waziri wa nchi yoyote.

Naishi nje ya nchi. Nani ataniulizia?

Hakuna jimbo la diaspora, wala Tanzania wala Kenya. Mwandikie mbunge wa jimbo unalotoka na, kwa Tanzania, wabunge wa viti maalum, ambao mara nyingi hulibeba suala la wafanyakazi wa nyumbani Ghuba kuliko wengine. Mkenya ana njia ya ziada: Ibara ya 119 inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi rasmi bungeni.

Andika swali linalojibika kwa namba. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilipobanwa na wabunge ilitoa hesabu: Wakenya 89 walifia Saudi Arabia katika miaka ya 2020 na 2021, wengi wakiwa wafanyakazi wa nyumbani, na sababu iliyoandikwa kwa wengi wao ilikuwa moyo kusimama. Katibu wa wizara mwenyewe, Macharia Kamau, alisema haingii akilini vijana wote hao wafe kwa moyo.  Namba ikishatoka, tatizo ni gumu kulikanusha.

Majibu ya mawaziri nayapata wapi?

Kwenye tovuti ya Bunge, sehemu ya Hansard na sehemu ya maswali na majibu, ambako unaweza kutafuta kwa jina la mbunge au wizara. Hotuba za bajeti ziko kwenye tovuti za wizara. Anza na swali la msingi, ruka pongezi, nenda moja kwa moja kwenye nyongeza. Kisha tafuta kama swali hilohilo liliulizwa mwaka uliotangulia, na uyaweke majibu mawili pembeni kwa pembeni.